Mavyaa anajua maneno elfu ya Kiingereza, lakini hawezi kuniomba upawa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, nina miaka 31, nimeolewa na Mhungaria. Huu ni mwaka wa nne tuko Dublin. Mume wangu ni fundi umeme, mimi nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Tulipojaliwa mtoto, mama mkwe alifunga nyumba yake kule Pécs akaja kutulelea. Simsengenyi, Shangazi. Anafua, anapika, na anavyombembeleza mjukuu wake hata mimi mwenyewe naona wivu. Tatizo letu ni moja: hatuna lugha.

Kihungaria changu ni cha salamu na chakula. Yeye ana miaka 63, na shuleni alisomeshwa Kirusi kama rika lake lote. Kiingereza amekianza mwaka jana alipojua anakuja, na kwa juhudi hana mpinzani. Ana daftari lililopigwa mistari, upande huu Kihungaria, upande huu Kiingereza, katikati matamshi. Kila jioni anakariri akizunguka sebuleni utadhani mtoto wa chuoni kesho anasomeshwa mbele ya maalim. Anajua "government". Anajua "environment". Anajua "unfortunately". Lakini juzi supu imefura, inataka kumwagika, amesimama mbele ya jiko mkono uko hewani, anataka upawa na neno haliji. "Please… big… soup…" Nikampa sufuria kubwa. Supu ikazima jiko.

Hilo tulicheka. Mengine hayanichekeshi.

Mtoto wangu ni wa kike, lakini mavyaa anamwita "he". "He is hungry." "He sleep." Dada yangu alisikia kwenye simu ya video, akaniuliza kwa Kiswahili kama huyo mama hajui ni msichana au alitaka mjukuu wa kiume. Tangu siku ile kila "he" inanichoma.

Halafu kuna jirani, mama wa Kiayalandi, mwema sana. Akibisha hodi, mavyaa anamfungulia kwa tabasamu na kumwambia "See ya!" Akiondoka anampungia mkono: "Hello, hello!" Siku hizi jirani haji kama zamani. Kuna siku aliahidi kumpitia wampeleke mtoto kliniki, akamwambia "half eight". Mavyaa alisimama nje na mtoto tangu saa moja u nusu, na baridi ile ya Novemba, hadi jirani alipotokea saa mbili u nusu, akamkuta kanuna. Kazini kwangu nahudumia wazee waliopoteza kumbukumbu, najua mambo yanavyoanza. Nimeingiwa na hofu.

Lililonifanya nikuandikie ni la Ijumaa iliyopita. Aliniandikia orodha ya dukani: milk, egg, sour cream, paprika, comb 4. Nikafurahi kuona ameandika Kiingereza kitupu. Nikamletea kikopo cha unga wa paprika na vitana vinne vya nywele. Nilijiuliza vinne vya nini, lakini nikasema mzee ana yake. Alipovitoa mfukoni alivitazama, akanitazama, akaingia chumbani akafunga mlango. Mume wangu aliporudi ndipo nikaambiwa alitaka mapaja manne ya kuku, na kwamba analia kwa kuwa nimemkejeli. Tangu hapo daftari liko kabatini na mavyaa haongei. Mume anasema tumwache, yeye atakuwa anatafsiri. Nimwandikishe darasa? Nimwache? Au tuishi kwa kuoneshana vidole?

Mkwe asiye na upawa, Dublin

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nimeisoma nikifuta machozi ya kicheko, utanisamehe. Miaka ya 80 nilipelekwa Budapest kusoma, na mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa Kihungaria tu. Jioni moja taa ya chumba ikafa. Mwenzangu wa bweni akaniambia "körte" imeungua, nenda kanunue nyingine. Nikafungua kamusi: körte, tunda. Nikarudi na kilo nzima ya mapeasi. Kumbe balbu nao wanaiita hivyohivyo, kwa umbo lake. Tulikaa gizani tukila matunda, yeye anacheka, mimi nimevimba. Kwa hiyo vitana vyako vinne navielewa vizuri.

Tuanze na hofu, maana hiyo ndiyo nzito. Mama yako hajapoteza kumbukumbu. Wahungaria wakikutana na mtu wa karibu husema "szia", na ukiitamka ni "sia". Sikio la Kiayalandi linasikia "see ya", yaani kwaheri. Na "helló" kwao ni ya kuja na ya kwenda, wanaagania nayo kila siku. Basi jirani wa watu anafika anaambiwa kwaheri, anaondoka anaitwa. Nenda kamweleze leo hii, tena mwenyewe, usimtume mumeo. Atacheka na kesho atakuwa mlangoni.

Ile saa nayo ni hivyohivyo. Kihungaria "fél nyolc", nusu ya nane, ni saa moja u nusu ya asubuhi: saa ya nane ya kwao imefika nusu ya safari, haijatimia. Muayalandi akisema "half eight" amekata maneno tu, anakusudia nane imepita na nusu yake, saa mbili u nusu yetu. Mama alisikia sawasawa, akafasiri neno kwa neno, akaganda nje saa nzima na mtoto mkononi akiamini jirani ndiye mchelewaji. Ungekuwa wewe usingenuna? Na usijione uko salama, wewe uliyekulia saa zinazoanza kuhesabiwa alfajiri. Mwambie jirani na mumeo kwamba kuanzia sasa nyakati katika nyumba hiyo zitaandikwa kwa tarakimu, 8:30, basi.

Sasa "he". Hapa mwanangu nitakukemea kidogo. Wewe ni Mswahili. Sisi tunasema "yeye ana njaa", na hakuna anayejua kama ni Ali au Asha mpaka aulize. Kihungaria ni hivyohivyo: "ő", neno moja, mume na mke. Mama akiwaza juu ya mjukuu wake kichwani mwake hamna "he" wala "she", mna yeye. Mdomo unachukua lile lililo karibu. Hebu kumbuka darasa la tatu, ulimwambia mwalimu mara ngapi "my mother he is at home"? Mimi nimefundisha Kiingereza Tanga miaka ishirini na kitu, na kosa hilo nimelisahihisha mpaka wino umeniishia, kwa watoto wanaowapenda mama zao kupita kiasi. Mpigie dada yako umwambie aache fitina.

Unaona ninapokupeleka? Ninyi wawili mnadhani mko mbalimbali, yeye wa paprika wewe wa nazi. Lakini Kiingereza kinawaumiza mahali pamoja. Wewe unasema "jikoni", neno moja, mahali pamegandishwa mwishoni. Yeye anasema "konyhában", neno moja, pamegandishwa palepale. Mwingereza anahitaji matatu, "in the kitchen". Wewe unasema "nakupenda", yeye "szeretlek", kila mmoja kwa pumzi moja, mpenzi na mpendwa wote wamo ndani ya neno. Wewe una kidole cha mguu, yeye ana "lábujj", kidole cha mguu vilevile, ndiyo maana nina hakika akimkausha mtoto anakwambia "leg finger" na wewe unaelewa kabla Mwingereza hajaelewa. Mguu wako ni mmoja kutoka pajani hadi unyayoni, na "láb" yake ni hivyo. Hakuna mwalimu wa darasa hapo Dublin atakayejua kwa nini anakosea kama utakavyojua wewe. Darasa mwandikishe, ni zuri, atapata na wenzake wa kunywa nao chai. Ila maneno ya nyumbani utampa wewe.

Tatizo la daftari lake ni kwamba maneno yamelala humo kama nguo za sanduku. Kayatoa vitabuni, na vitabu vingi vimetungwa kwa watu wa mitihani. Huko kwao kwa miaka mingi mtu alimaliza chuo kikuu lakini hapewi shahada mpaka alete cheti cha lugha ya kigeni, na wengi walikaa bila shahada kwa sababu hiyo hadi sharti lilipolegezwa mwaka 2020, wakati wa korona. Cheti kinataka uzungumze juu ya mazingira na serikali. Hakuna mtahini anayekuuliza upawa. Hivyo utamkuta mtu anayeweza kujadili uchafuzi wa mito, ukimwambia alete beseni anatafuta pa kutokea.

Usianzie jikoni. Najua supu ndiyo ilimwagika jikoni, lakini jikoni ndipo alipoaibika. Hukuniambia alifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Kaulize. Kama alikuwa mshonaji, anzeni na sindano. Kama alikuwa karani, na kalamu na bahasha. Kama alilima, shukeni kwenye kijibustani. Mpeleke pale ambapo mikono yake ni hodari na wewe ndiye mshamba. Tuseme ni kushona. Mpe gauni la mtoto lililofumuka. Atashika sindano, atasema "tű". Wewe sema "needle", kisha "sindano". Uzi, "cérna", "thread". Kifungo, "gomb", "button". Mkasi ni "olló", mmoja kwake na mmoja kwako, lakini Kiingereza kinamfanya mkasi kuwa vitu viwili, "scissors", na suruali hivyohivyo. Msengenyeni Mwingereza pamoja, mwenye kuona viwili penye kimoja. Mtu hawezi kumwogopa mwalimu aliyemsaidia kusengenya.

Mfanye hivi kabla hajaliona neno limeandikwa. Hili nalisisitiza. Kihungaria, kama Kiswahili, kinasomwa kama kilivyoandikwa. Ukijua herufi zake umemaliza. Kiingereza hakina adabu hiyo. Ukimwonesha "knife" kwanza, "k" ile haitatoka mdomoni mwake hadi kiyama. Aisikie, aishike, aseme, halafu aandike kwa herufi za kwao: "nájf". Hivyo ndivyo na sisi tulivyopata baiskeli. Tahajia ya Kiingereza ije siku ya tatu, kwa wino wa rangi nyingine. Chujio, "sieve", akiliandika Kihungaria linakaribia kabisa "szív", na "szív" kwao ni moyo. Mwambie moyo ndio unaochuja chai. Halitamtoka tena. Upawa, "ladle", kwa herufi zao "lédl", halina mchezo wa namna hiyo, litaingia kwa kuchota supu kila siku.

Na asiandike neno pekee, aandike lile analotaka kusema. Siyo "upawa", bali "nipe upawa". Siyo "ndoo", bali "ndoo imejaa". Kwenye sentensi ndiko viko vile vijineno vidogo ambavyo mimi na wewe na yeye tunavimeza, kwa kuwa kwetu vimeungwa ndani ya neno. Maneno sita au saba kwa wiki yatosha, ya pembe moja ya nyumba: wiki hii beseni la kufulia, wiki ijayo kitanda cha mtoto. Watu watakushauri ubandike vikaratasi kila mahali. Bandika siku mbili tatu kisha ving'oe. Vikizoeleka vinakuwa ukuta, na tena vinaonesha ile tahajia niliyokukataza.

Akikosea usimkatize. Akisema "he is hungry", jibu tu "she is? Then let's feed her," uendelee kupika. Atasikia mara mia kabla hajasema mara moja. Akiomba "mirror egg" asubuhi, usishangae: yai la kukaanga la jicho kwao ni "tükörtojás", yai la kioo. Mimi naona jina lao limeizidi "fried egg" kwa uzuri, na ningekuwa ninyi ningeliacha liwe la nyumbani.

Mumeo atoke jikoni. Namaanisha hivyo hasa. Anatafsiri kwa mapenzi, lakini mtafsiri akiwepo hakuna anayejifunza. Mama anamtazama mwanawe, wewe unamtazama mumeo, hamtazamani. Awape saa moja kwa siku hayupo. Dharura ikitokea, kuna simu.

Mtoto ni mwalimu wako msaidizi. Vile vitabu vya kurasa ngumu, mpira, paka, kijiko, ukurasa mmoja neno moja, mpe mama amsomee. Anayemsomea mjukuu haonekani anajifunza, na aibu haimpati. Na akisema miaka 63 imempita, muulize kama anamjua Lomb Kató. Wao hutanguliza jina la ukoo. Alizaliwa mjini kwao hapohapo Pécs mwaka 1909, akasomea kemia, kisha akaziacha chupa za maabara akawa mkalimani wa lugha kadha wa kadha, nyingi akiwa amejifunza mwenyewe, ukubwani, kwa kusoma riwaya hata asipoelewa nusu ya ukurasa. Alifariki mwaka 2003. Mhungaria wa rika la mama yako atakuwa amelisikia jina hilo. Muulize kwa heshima, kama mtu anayetaka kusimuliwa, umwache aongee. Kwa lugha yoyote itakayotoka.

Basi tufike kwenye vitana. Kosa halikuwa lako wala lake. "Comb" kwa Kihungaria inatamkwa "tsomb", nalo ni paja. Ile "paprika" kwao ni unga na pia ni pilipili hoho yenyewe mbichi, lakini ukisema kwa Kiingereza unapata unga peke yake. Ukiunganisha na krimu chachu, alikuwa anataka kuwapikia kuku wa paprika, chakula cha heshima. Yaani ulimletea kitana siku aliyokuandalia karamu. Ndiyo maana alilia, siyo kwa sababu ya neno.

Jumamosi hii usiende dukani peke yako. Mchukue, mwende wote wawili, mumeo abaki na mtoto. Mkiwa mbele ya nyama, jipige pajani, useme "comb". Kisha sema "thigh". Hiyo "th" wewe unayo tangu utoto, katika thamani na thelathini. Wao hawana, itamtoka "táj". Muoneshe ulimi unavyotokeza kati ya meno, msichekane sana mbele za watu. Lakini usimlazimishe: hapo Dublin wenyeji wengi "three" wanaitamka kama mti, na muuza nyama atamwelewa bila taabu. Kisha mpite kwenye mboga, achague hoho kwa mkono wake, amuulize muuzaji bei yeye mwenyewe, wewe usimame nyuma kidogo.

Mkirudi, apike yeye, wewe uwe mtwana wa jiko, unaagizwa tu. Nipe hiki, lete kile. Upawa utaombwa siku hiyo, nakuhakikishia.

Vile vitana usivirudishe dukani. Kimoja kiweke jikoni kwenye chombo cha miko, kikae hapo. Vingine vitunze. Huyo binti ni nusu Kisauni, nywele zake zitavihitaji vyote.

Shangazi